Jibu: Chujio lenye matundu makubwa hunasaje kirusi?

Waalaikumu salaam ndugu yangu. Umeuliza vipi chujio lenye matundu makubwa kuliko kirusi litakinasa kwenye maji ya kisima chenu cha Shela. Kinachonasa si tundu, ni chaji ya umeme. Kirusi cha polio kina upana wa nanomita 30 hivi. Kwa tundu peke yake kingepita kama dagaa kwenye jarife. Lakini katika maji ya kawaida virusi vingi, na bakteria pia, huwa na chaji hasi, kwa hiyo chujio la chaji chanya huvivuta vikaganda kwenye nyuzi zake. Unapitisha lita 100, kisha unaving'oa kwa lita moja ya supu ya nyama ya ng'ombe (usicheke, ndiyo dawa yake!) yenye pH (kipimo cha uasidi) ya 9.5 hivi.

Taabu yenu Lamu ni chumvi. Kisima kikishaingiwa na maji ya bahari, chaji chanya hupungua nguvu. Hapo mimi ningechukua chujio la chaji hasi na kutia asidi hadi pH 3.5, madini ya magnesi yaliyomo kwenye maji ya bahari huwa daraja kati ya kirusi na chujio.

Ila hiyo ni kazi ya kupima kama maji yana virusi. Ya kunywa, chemsheni.