Anakula, lakini hachezi

SWALI: Mjukuu wangu wa miezi 15 alipatikana na utapiamlo. Siku hizi uji anamaliza, ila amepoa tu, hachezi. Nifanyeje? – Bibi, Morogoro

JIBU: Shikamoo bibi. Chakula peke yake hakitoshi. Huko Kingston, Jamaika, baadhi ya watoto waliodumaa walipewa kilo 1 ya maziwa ya unga kila wiki, wengine wakachezeshwa nyumbani, wengine vyote viwili. Baada ya miaka 2, hao wa mwisho ndio waliopiga hatua zaidi. Mtoto aliyedhoofika hasumbui, ndiyo maana husahaulika mkekani. Anza wewe: mwoneshe kikombe, kitaje, kifiche chini ya kanga, ngoja akitafute. Vifuniko vidogo vya chupa usimpe, humkaba. Akivimba miguu au akikataa kula, kliniki siku hiyohiyo.