Ndizi nyeusi, nyama ya kahawia, kuku mwenye mifupa myeusi: friza imefanya nini?

Mkuu, umeuliza kama ndizi mbichi zilizotoka friza zikiwa nyeusi, nyama iliyogeuka kahawia na kuku aliyepiga weusi mifupani vyote vimeharibika. Rangi peke yake haisemi hivyo. Kila kimoja kina sababu yake, na dawa ya hiki inaweza kukiharibu kile.

Ndizi ndizo zinazotupwa ovyo kuliko vyote. Zina kimeng'enya (enzaimu, protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali) ambacho kikipata hewa hugeuza rangi kuwa nyeusi, sawa na kwenye viazi na maparachichi. Maji ya ndani yakiganda, chembe za barafu hupasua seli, na kimeng'enya huchanganyika na vitu kilivyokuwa kimetengana navyo. Baridi hukipunguza kasi kimeng'enya hicho tu. Kinachokiua ni moto. Kabla ya kugandisha, menyea ndizi ndani ya maji yenye ndimu, ndimu 2 kwa lita. Zikate, zitie kwenye maji yanayotokota dakika 5, kisha zizamishe kwenye maji ya barafu mpaka zipoe hadi katikati. Zifute zikauke, la sivyo zitagandana bonge moja. Wengi hukosea kwenye muda: wanazipitisha motoni nusu dakika tu, na moto mdogo namna hiyo hukichangamsha kimeng'enya badala ya kukiua.

Mboga za majani nazo zichemshe hivyo kabla ya kugandisha: sukuma wiki dakika 3, mchicha 2, kwenye maji mengi, lita 4 kwa nusu kilo. Ila hapa ndimu usiguse! Asidi hung'oa magnesi iliyomo kwenye klorofili, yaani rangi ya kijani ya majani, na mboga inatoka na rangi ya jani lililokauka.

Wekundu wa nyama unatokana na myoglobini, protini ya kwenye misuli yenye chuma, iliyoshika oksijeni. Nyama ikikaa, chuma kilichomo kwenye myoglobini huoksidika, ikawa kahawia. Hiyo inalika. Mabaka ya kijivu, makavu kama karatasi, ni mahali barafu ilipogeuka mvuke bila kuyeyuka kwanza. Hayana sumu, lakini hayana ladha, yakate. Kinga yake ni kukamua hewa yote mfukoni na kufunga mara mbili.

Kuku wa kisasa huchinjwa akiwa na wiki 5 au 6, mifupa bado haijakomaa. Akigandishwa, damu ya kwenye uboho hupenya hadi nje ya mfupa, na akipikwa inakuwa nyeusi. Usidhani hajaiva: pima kwa kipimajoto kwenye paja, nyuzi 74 zinatosha. Asiyependa weusi huo atoe mifupa kabla ya kugandisha.

Umeme ukikatika usifungue friza ovyo. Chakula kikiyeyuka nusu kisha kikaganda tena polepole, chembe za barafu huwa kubwa zaidi na kila nilichoeleza huzidi. Na nyama iliyoyeyuka kabisa ikakaa nje zaidi ya saa 2, itupe, hata kama bado ni nyekundu kama imetoka buchani sasa hivi.