Helm na Company zinanigandishia laptopu, nihamie wapi?

Swali: Mkuu habari za Kigoma, mi niko Tabora nauza asali, mahesabu napiga kwa viprogramu vya Python navyoandika mwenyewe kwenye Emacs 29 (programu ya kuandikia kodi). Konfigi (mipangilio yake) nilipewa na mtu, ina pakeji za kuongezea za Helm na Company, laptopu ina RAM GB 4 tu, nikiandika inaganda ganda na kila nikiapudeti pakeji bando linakata. Hamna kitu chepesi?

Jibu: Nzuri mkuu, siku ukija na asali huku dagaa zipo tutabadilishana. Chepesi kipo na hupakui kitu, kimo humo humo kwenye Emacs yako.

Kwanza usizichanganye, Helm inafanya kazi pale chini unapotafuta faili au amri, Company ndo kile kimenyu kinachokuletea maneno ukiwa unaandika. Unaweza kutoa moja ukabaki na nyingine, na mi ningeanza na Helm. Mistari yake kwenye init.el, lile faili la mipangilio, iwekee nukta mkato mbele, usifute kwanza, na usisahau ile iliyoelekeza M-x (ya kuita amri) na C-x C-f (ya kufungua faili) kwa Helm, M ni Alt na C ni Ctrl, maana hiyo ikibaki utaona makosa tu, halafu andika (fido-vertical-mode 1), hiyo fido ndo itashika nafasi ya Helm, ipo tangu Emacs 28. Funga, fungua.

Sasa piga C-x C-f andika msl tu, mauzo_asali.py itajitokeza, Enter, umeingia. Ila hapa wageni wengi wananaswa: Enter inachukua kilichochaguliwa kwenye orodha, haichukui ulichoandika. Yani unataka faili jipya liitwe mauzo, unapiga Enter, unafunguliwa mauzo_asali.py, unaanza kuandika humo unaharibu hesabu. Jina jipya piga M-j.

Company nayo izime uweke (setq tab-always-indent 'complete), Tab itapanga mstari kwanza, ukiwa umeshapangika ndo inaleta maneno, haikurukii kila herufi. Na M-/ watu wanaidharau bure, inachungulia maneno yaliyomo kwenye mafaili uliyofungua inakumalizia, haitaki seva wala nini, kwa viprogramu vya mauzo mbona inatosha kabisa.

Lakini kama umewasha Eglot au lsp-mode, zile zinazounganisha Emacs na seva ya kuchambua kodi, inawezekana Company unaionea, seva ya Python yenyewe inakula RAM. Fungua htop, programu ya kuonesha nani anakula RAM na CPU, uone nani yuko juu. Kama ni Emacs, M-x profiler-start, chagua cpu, andika mpaka igande, kisha M-x profiler-report, anayekula muda utamuona.

Vertico (badala ya Helm) na Corfu (badala ya Company) ni nzuri na ni ndogo, ila za kupakua, nenda huko fido ikikushinda. Na kama una mazoea ya kutiki mafaili kibao ndani ya Helm unayahamisha kwa mpigo, fido haina hiyo, itabidi uzoee Dired, orodha ya mafaili ya Emacs yenyewe, unatiki kwa m unahamisha kwa R.