Mayai mdomoni mwa sato, na maswali mengine ya Ziwa Victoria

SWALI: Nilinunua sato mbichi mwaloni. Kumtoa matamvua nikakuta punje za njano zimejaa kinywani. Amekula nini huyu, au ni ugonjwa? (Msomaji, Bukoba)

JIBU: Hajala kitu, ni mayai yake. Mpike tu. Dume la sato huchimba kiota cha mviringo kama sinia kwenye mchanga au tope la maji mafupi na kukilinda. Jike hutaga humo, dume huyarutubisha, kisha jike huyabugia na kwenda zake. Dume hubaki kiotani akingoja jike mwingine. Malezi yote ni ya mama.

Ukiyachunguza utaona kila yai lina umbo la peasi, urefu wa milimita 2 hadi 3. Ya njano ni mapya. Yenye vidoa viwili vyeusi yako karibu kuanguliwa, kwani vidoa hivyo ni macho. Maji yakiwa na joto la nyuzi 28 hivi, yanaanguliwa baada ya siku chache, lakini vifaranga hawatoki mdomoni mpaka wamalize kiini cha yai. Jumla yake ni wiki moja na nusu hadi mbili, na muda wote huo mama hali au hula kidogo sana. Hata wakishatoka, akihisi hatari hufungua mdomo nao wanarudi ndani.

Mdomoni mayai hayatulii: mama huyapinduapindua ili yapate hewa. Ndiyo maana kokoro, wavu mrefu unaokokotwa chini ya maji hadi ufukweni, lina madhara makubwa kuliko kilo linazovua. Linakwangua viota, na jike likibanwa hutema mayai. Yai lililotemwa chini hufunikwa na tope likaota kuvu, hivyo kumrudisha mama majini peke yake hakuokoi kizazi hicho. Na hapa tunazungumzia mayai mamia kadhaa, au elfu moja na zaidi kwa jike kubwa, si mamilioni.

SWALI: Nilipanda sato bwawani, sasa mwaka umepita. Wamejaa tele lakini hawazidi kiganja. Je, mbegu ni mbaya? (Mfugaji, Sengerema)

JIBU: Huenda mbegu haina kosa. Umechanganya madume na majike, na bwawani sato huanza kuzaa akiwa na miezi mitatu au minne, hata gramu 100 hajafika. Wajukuu wanakula chakula cha babu.

Kausha bwawa, uza waliopo, anza upya na madume peke yake. Subiri vifaranga wafike gramu 30 hadi 50, mgeuze kila mmoja tumbo juu, umpake tone la wino nyuma ya tundu la haja. Dume ana matundu mawili tu: la haja, na moja la mkojo na mbegu za kiume. Jike ana matatu, la katikati likiwa mfano wa mkato wa kulala, na wino hutuama humo. Fanyia kazi hiyo kivulini, mikono ikiwa imelowa, usiwakwangue ute. Macho yakichoka pumzika, maana majike machache yakipita yanatosha kulijaza bwawa tena. Kwa bwawa lisilo na kipuliza hewa, samaki 2 au 3 kwa mita moja ya mraba wanatosha.

SWALI: Wazee wanasema ningu walikuwa tele. Mbona sangara, anayevuliwa sana, hakutoweka vile? (Msomaji, Kisumu)

JIBU: Tofauti iko kwenye mahali pa kutagia. Ningu hula na kukua ziwani, lakini mvua zikijaza mito kama Kagera na Nzoia hupanda kwenda kutaga kwenye maji ya mafuriko. Wote wanapita mlango mmoja. Katika miaka ya 1950 nyavu za makila, zinazosimamishwa majini na kunasa samaki kwenye matundu yake, ziliwekwa midomoni mwa mito, zikanasa majike yenye mayai tumboni, kabla ya kutaga.

Sangara hana mlango wa kuzibwa. Hutaga ziwani humohumo, mayai madogo yenye tone la mafuta linaloyaelesha, na jike kubwa hubeba mamilioni. Udhaifu wake ni ukubwa: jike hukomaa akiwa mrefu kuliko dume. Sangara wa sentimita 40 ukimkuta sokoni, kama ni jike, karibu hakika hajawahi kutaga hata mara moja.