Dumuzi katika Mahindi: Majibu kwa Wasomaji wa Tabora

Swali: Nilihifadhi mahindi darini yakiwa na maganda, na sasa vumbi jeupe linadondoka sakafuni. Je, ni fukusi? (Msomaji, Urambo)

Ndugu msomaji, vumbi jingi namna hiyo ni alama ya dumuzi. Mdudu huyu, ambaye asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, alitambuliwa kwa mara ya kwanza barani Afrika hapa kwetu Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, wazee wakamwita Scania, na hasara iliyopimwa wakati huo katika vihenge vya wakulima ilifikia theluthi moja ya mahindi ndani ya miezi 3 hadi 6. Nakusihi uyashushe yote leo. Gunzi hushikilia punje pamoja, naye hupata mahali imara pa kuegemea anapotoboa. Ukishapukuchua, punje hutelezateleza na kazi yake huwa ngumu. Choma magunzi yaliyoliwa, fagia dari hadi kwenye nyufa, kisha anika punje upya. Ili kujua kama zimekauka, zitikise pamoja na chumvi kavu ndani ya chupa kavu: chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, bado zina unyevu.

Swali: Dawa niliyozoea kutumia haimuui. Kwa nini? (Msomaji, Nzega)

Huenda ina pirimifosi-methili peke yake, ambayo huua fukusi lakini ni dhaifu kwa dumuzi. Pemethrini ina nguvu kwa dumuzi na ni dhaifu kwa fukusi, ndiyo maana tunahitaji dawa ya unga yenye viambato vyote viwili. Changanya na punje zilizopukuchuliwa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

Swali: Je, naweza kuhifadhi bila dawa? (Msomaji, Sikonge)

Ndiyo, kwa mifuko isiyopitisha hewa, yenye matabaka mawili ya plastiki ndani ya kiroba. Kamua hewa, funga kila tabaka peke yake, uweke mfuko juu ya chaga mbali na panya. Wadudu waliomo humaliza oksijeni na kufa, mradi usiufungue kila wiki.

Swali: Na makopa, yaani vipande vya muhogo mkavu, je? (Msomaji, Kaliua)

Dumuzi huyapenda mno, kwa hiyo usiyaweke karibu na mahindi. Ni heri kuacha muhogo shambani na kuchimba wa kutosha miezi miwili tu.