Utetezi wa Kutokuwepo Eneo la Tukio Haufichwi

SWALI: Mdogo wangu anashtakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha uliotokea usiku hapa Ujiji, ilhali usiku huo alikuwa msibani Nguruka. Mashahidi wawili wa Jamhuri, yaani wa upande wa mashtaka, wamekwisha kutoa ushahidi. Mtu anayetusaidia anasema tulinyamazie jambo hilo hadi siku ya kujitetea, na anadai fedha za kutafuta mashahidi watatu. Je, tumsikilize?

JIBU: Msimsikilize. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inamtaka mshtakiwa mwenye utetezi huo kuitaarifu mahakama na upande wa mashtaka kabla kesi haijaanza kusikilizwa. Akichelewa, awape waendesha mashtaka maelezo yake kabla hawajafunga ushahidi wao. Nafasi hiyo ya pili bado mnayo. Wasilisheni sasa maandishi yanayotaja alikuwa wapi, saa ngapi na pamoja na nani. Mkisubiri, hakimu anaruhusiwa kutoupa utetezi huo uzito wowote, na atakayetumikia kifungo kisichopungua miaka 30 ni mdogo wako, si mshauri wenu.

Ushauri huu wa kuviziana nakutana nao kila mara hapa Kigoma, na umewaponza wengi. Wanaoutoa hudhani kwamba mwendesha mashtaka akishtukizwa ameshindwa, kumbe hakimu anayesikia habari ya Nguruka kwa mara ya kwanza mwishoni hujiuliza kwa nini hakuna shahidi wa Jamhuri aliyeulizwa juu yake, kwa kuwa jambo zito lisiloguswa katika maswali ya dodoso, yale shahidi anayoulizwa na upande wa pili, huhesabiwa kuwa limekubaliwa.

Na mashahidi watatu ni wa nini? Sheria ya Ushahidi haiweki idadi, na mshtakiwa halazimiki kuthibitisha kwamba alikuwa Nguruka. Akiibua shaka ya maana inatosha, maana mzigo wa kuthibitisha ni wa Jamhuri. Mwenyeji wa msiba, aitwe kwa hati ya wito ya mahakama, anawazidi watatu wa kununuliwa, ambao wakiulizwa marehemu alizikwa saa ngapi kila mmoja atajibu lake. Ushahidi wa uongo, kwa anayeutoa na anayeushawishi, adhabu yake yaweza kufika miaka 7.

Vishoka hawa, yaani wanaojifanya wanasheria, ambao jina lao halionekani kwenye waraka wowote wa kesi, hawajui hata pa kuibana Jamhuri. Tangu shauri la mrufani aliyeitwa Waziri Amani la mwaka 1980, Mahakama ya Rufani imesisitiza kwamba utambuzi wa kuona kwa macho ni ushahidi dhaifu, unaohitaji kupimwa kwa mwanga, umbali, muda wa kumtazama mtu na kama alifahamika kabla. Ikiwa mashahidi wale wawili hawakuulizwa hayo, iombeni mahakama iwaite tena.