Kamba ya Fundi Imepita Ndani Kwangu, Nifanyeje?

Swali

Shikamoo Mama. Naandika nikiwa na hasira kwahiyo unisamehe nikichanganya maneno. Naishi Kivule, Dar, kiwanja changu nilinunua 2016 kwa mzee mmoja mwenyeji wa hapa, kwenye karatasi ya mauziano pameandikwa hatua 20 kwa 25, na mpakani mzee mwenyewe akatupandia minyaa tukaona imetosha, wakati ule upande wa pili ilikuwa mikorosho tu. Sasa mzee keshafariki, mwanae kauza ule upande wa pili mwaka jana, mnunuzi simjui vizuri, namuonaga Jumapili anakuja na gari kuangalia saiti. Juzi natoka kazini jioni nakuta pegi zimechomekwa, kamba ya fundi imepita huku kwangu, minyaa mitatu imekatwa na msingi wameshaanza kuchimba. Namuuliza fundi ananiambia mama ongea na bosi, mimi nimeonyeshwa tu. Bosi kumpigia anasema yeye kanunua hatua 30 na zilipimwa mbele ya mwenyekiti, akakata simu. Mdogo wangu anataka tuzing'oe hizo pegi usiku. Mume wangu anasema tuwaache wajenge, tutakutana baraza la ardhi. Mi nishike lipi?
*Mama Wawili, Kivule*

Jibu

Marahaba mwanangu, na pole sana. Usishike hata moja kati ya hayo mawili.

Nimekaa baraza la kata vipindi viwili, miaka sita, na nikizikumbuka kesi zilizotushinda karibu zote ni za watu waliokuja kwetu ukuta ukiwa umeshafika lenta. Kamba ikiwa bado chini mtu anaisogeza kwa dakika mbili na heshima yake inabaki. Akishamwaga zege na nondo zimo ndani, kila mfuko wa saruji alioulipia unamfanya awe mgumu zaidi, hata kama moyoni anajua kaingia kwako. Na huko mbele ataulizwa na wewe utaulizwa, ulikuwa unapita hapo kila siku unaona tofali zinapanda, mbona ulinyamaza? Kwahiyo mwambie baba watoto, kwa upole, kwamba kusubiri ndo kunamsaidia yule bwana.

Na huyo mdogo wako mshike mkono kabisa. Ukizing'oa pegi na kufukia mtaro wa watu, habari ya ardhi inageuka kesi ya kuharibu mali, wewe mwenye haki ndo unaitwa polisi kujieleza. Nimewahi kumuona mama mmoja mwenye karatasi zake safi kabisa akihangaika miezi na kesi ya matofali 40 aliyoyavunja kwa hasira, na mpaka wenyewe hata haujaguswa.

Fanya hivi. Kesho amka mapema kabla mafundi hawajafika. Chukua futi, ulaze chini kutoka kwenye shina la mnyaa uliokatwa mpaka kwenye kamba, piga picha namba zikisomeka vizuri. Yale mashina yapige picha kila moja, mnyaa ukikatwa unatoa utomvu mweupe na kovu lake linaonekana jipya, mtu hawezi kusema ulikauka wenyewe. Piga na picha ya mtaro wote na mti au nguzo yoyote isiyohama ili baadaye ijulikane ni wapi. Usiguse kitu.

Halafu mtafute jirani ana kwa ana. Kwenye simu watu wanakuwa wakali sana, lakini mkisimama wote pale kwenye mtaro, na mzee mmoja wa mtaa anayeheshimika, ukamuita baba fulani kwa jina la mwanae, ukamwambia karibu mtaani, mimi na wewe tutazikana hapa, naomba tusimamishe siku tatu tupime pamoja, wengi wanalegea. Nenda na karatasi yako ya mauziano na umtafute hata mmoja wa mashahidi waliosaini 2016. Huyo shahidi ni dhahabu, muwahi angali anakumbuka.

Sasa nikwambie kitu ambacho naona ndo kiini chenyewe. Hizo hatua. Nyie wote mna karatasi ya hatua, lakini hatua za nani? Mtu mrefu akitembea kwa mkogo anaweza kupiga sentimita 90, mfupi anapiga 75. Tofauti ya sentimita 15 tu ukiizidisha mara 20 ni mita 3 nzima, hiyo ni chumba cha mtoto. Kesi moja baraza letu lilitoka mpaka saiti, tukamwambia muuzaji ahesabu upya mbele yetu hatua alizomuuzia mnunuzi wa kwanza, akahesabu zikaishia kwenye mwembe, tukamwambia rudia, akaishia hatua mbili kabla ya mwembe. Mzee yuleyule, miguu ileile, dakika kumi hazijapita. Watu wote tukanyamaza. Toka siku ile sijawahi kuamini karatasi ya hatua isiyo na alama ardhini, na ndo maana minyaa yako ina uzito mkubwa kuliko unavyofikiri, maana aliyeuza ndiye aliyeipanda, na wewe ukiwepo. Kwetu Uchagani mpaka unapandwa masale, na jani lilelile la isale ndo mtu anabeba akienda kuomba msamaha, kwahiyo mtu hang'oi sale hivihivi.

Na inawezekana kabisa, mwanangu, huyo jirani hajakuibia. Yule kijana, mtoto wa marehemu mzee, kama kauza hatua 30 mahali penye 27, basi jirani yako kauziwa hewa na mwenye deni ni muuzaji. Mkijumlisha karatasi zenu mbili mkapima na futi kutoka mwanzo wa kiwanja chako mpaka mwisho wa chake, mtajua palepale kama ardhi inatosha. Isipotosha mwiteni kijana mbele ya mwenyekiti arudishe hela ya kilichopungua. Mnaweza kuanza kama maadui mkamaliza mkiwa upande mmoja, nimeona kwa macho yangu.

Mwenyekiti wa mtaa muombe nakala ya mauziano yote mawili. Muulize pia kama urasimishaji, ule mpango wa kupima makazi yaliyojengwa bila kupimwa, umeshapita mtaani kwenu, maana kama kiwanja kilishachorwa na kupimwa basi bikoni, zile alama za mpaka anazoweka mpima, ndo zinazosema, na mpima ardhi mwenye leseni anaweza kukurudishia bikoni iliyopotea kwa vipimo vilivyo kwenye ramani ya upimaji. Gharama mchangie nusu kwa nusu, na awepo kila mmoja siku ya kupima.

Akikataa yote, usilale. Nenda kwa mtendaji wa kata awaite wote wawili, na nenda halmashauri uulize kama ana kibali cha ujenzi, maana asipokuwa nacho wanaweza kumsimamisha, ile X nyekundu wanayopiga ukutani umeiona. Wakati huohuo fungua shauri baraza la kata. Ujue tu kwamba tangu sheria ilivyobadilishwa 2021 baraza la kata halitoi hukumu ya ardhi tena, linasuluhisha. Likishindwa linakupa cheti kwamba usuluhishi umeshindikana, na hata likivuta miguu siku 30 zikapita unaruhusiwa kuendelea. Hapo unaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na siku hiyohiyo unayofungua uombe zuio ili ujenzi usimame mpaka shauri lisikilizwe. Watu wengi wanafungua shauri wanasahau zuio, wanakuja kushtuka nyumba imeezekwa.

Mkikubaliana, hata kama ni kumuachia nusu mita, andikeni. Mchoro mdogo wenye vipimo kwa mita, hatua achaneni nazo, mashahidi wa pande zote, mhuri wa mtaa, na siku hiyohiyo mchimbie nguzo za zege kwenye kona. Na mwambie arudishie minyaa mitatu.

Swali

Mama habari, mimi kijana niko Dodoma, kiwanja changu ni cha kupimwa, bikoni zote nne zipo na hati ninayo. Jirani kajenga mpaka mwisho kabisa wa mstari, ukuta wa nyumba yenyewe sio fensi, bati limezidi linaning'inia upande wangu kama futi moja na mvua ikinyesha maji yote yanamwagika kwangu yanachimba chini ya ukuta wa jiko. Na dirisha la chooni kwake linatazama meza yangu ya chakula. Anasema yeye hajavuka bikoni. Kweli hana kosa?
*Kijana wa Dodoma*

Jibu

Salama mwanangu. Kosa analo. Kutokuvuka bikoni haitoshi, kwenye kiwanja kilichopimwa kila mtu anatakiwa aache nafasi kati ya nyumba na mpaka, mbele, nyuma na ubavuni, na kipimo chake kinategemea ukubwa na matumizi ya kiwanja. Nafasi ile ipo ili hewa ipite, moto usiruke nyumba hadi nyumba, na mtu aweze kuzunguka nyumba yake kupaka rangi bila kuomba ruhusa kwako. Na hilo bati limeshavuka, maana mpaka haupo ardhini tu, unapanda mpaka juu.

Nenda kwa afisa mipango miji wa jiji na nakala ya hati na picha, waombe waangalie ramani aliyopitishiwa kwenye kibali walinganishe na alichojenga. Mara nyingi ramani iliacha nafasi vizuri na fundi au mwenye nyumba akaila akiwa saiti.

Ila nikushauri kama mama. Nyumba imeshasimama, kuivunja ni safari ndefu na mtaishi na uadui. Maji hayasubiri, yanakula msingi wako sasa hivi. Mwambie akate bati lirudi kwake, afunge gata na bomba la kushusha maji upande wake, na lile dirisha alipandishe juu au aweke kioo kisichoona. Hivyo vitu vinawezekana kwa wiki moja. Akifanya, andikishaneni. Akigoma ndo upeleke barua jiji. Na kabla hujaenda zunguka na kwako, uangalie chemba yako ya choo iko umbali gani na mpaka wake, maana watakapokuja kukagua watakagua pande zote mbili.

Swali

Shangazi, sisi tuko Kilifi, Kenya. Marehemu baba alituwachia shamba lina hati miliki, na mpaka ni ua wa miti tangu zamani. Jirani ataka kujenga ukuta wa mawe, amekuja na ramani ya ardhi asema ramani yaonyesha mpaka uko ndani yetu, nasi twasema ua ndio mpaka. Amesema atatupeleka kortini.
*Sisi Ndugu Watatu*

Jibu

Poleni na msiba wa baba. Kwa Kenya msiogope hiyo korti kwa sasa. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inasema ramani ya usajili inaonyesha mpaka kwa makadirio tu, isipokuwa pale mipaka ilipopimwa rasmi na kuwekwa kamili, na mahakama haiwezi kusikiliza kesi ya mpaka wa aina hiyo kabla msajili wa ardhi hajauamua. Kwahiyo mlango wa kwanza ni ofisi ya msajili wa ardhi. Pelekeni ombi nyinyi wenyewe msimsubiri jirani, msajili atawaita wote na kuja na mpima ardhi hadi shambani, na wazee waliouona huo ua ukipandwa watasikilizwa.

Kabla ya siku hiyo fyekeni nyasi chini ya ua, safu yote, ili mashina ya zamani yaonekane yamenyooka wapi na yamepinda wapi, mti wa miaka 30 na mti wa juzi haufanani shina. Msikate hata tawi la ua wenyewe. Na tarehe mkishapewa, mmoja wenu aende kwa jirani amwambie kwa mdomo wake, asiisikie kwa chifu.